Balansi ya Lori Bado Haina Muuzaji

Barabara ya Tanzam, kuanzia Chalinze mpaka Tunduma, haina uhaba wa mafundi tairi. Kila mji ambao malori hulala una kompresa inayonguruma, jeki, nyundo nzito na rundo la matairi yaliyotumika. Pancha itazibwa hata usiku wa manane, na tairi lililopasuka litapata mbadala kabla utingo hajamaliza chai. Huduma moja tu ndiyo adimu: kubalansi gurudumu la lori, yaani kusawazisha uzito wake ili lizunguke bila kutetemeka.

Kwa gari dogo jambo hili limekwisha kuwa la kawaida. Mteja akinunua matairi mapya mjini, hutarajia yabalansiwe kabla ya kufungwa. Lakini lori lenye mzigo wa shaba kutoka Congo hufungwa tairi jipya, nati zikakazwa, safari ikaendelea. Wamiliki wengi huamini kwamba lori ni la mwendo mdogo, barabara zetu zina mashimo, kwa hiyo usukani kucheza ni sehemu ya kazi. Imani hiyo inawagharimu.

Tuchukue tairi la 315/80R22.5, mojawapo ya saizi zinazotumika sana kwenye vichwa vya semi. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka karibu mara 7 kila sekunde. Uzito wa gramu 300 uliozidi upande mmoja wa rimu huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 16, na mvuto huo hurudi kila mzunguko, saa nzima, siku nzima. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo maana lori hutulia mjini likaanza kutetemeka kwenye lami iliyonyooka, hasa likirudi tupu, kwa sababu mzigo hauko tena kuyakandamiza magurudumu.

Gharama ya mtetemo huo haiji na risiti moja. Sehemu yake hulipwa kwenye beringi, nyingine kwenye kingpini na shokomzoba, na nyingine hulipwa na mikono ya dereva anayeshindana na usukani kuanzia Mikumi hadi Makambako. Sehemu kubwa huliwa na tairi lenyewe: kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara, huisha kwa mabaka, hapa pamelika, pale pamebaki. Kichwa chenye ekseli tatu na tela lenye ekseli tatu hutembea juu ya matairi 22. Mawili tu ya mbele yakilika kwa mabaka, hakuna mahali salama pa kuyahamishia isipokuwa tela, na thamani yake imekwisha kushuka.

Hasara hiyo ina uzito zaidi sasa kuliko miaka ya nyuma. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji kabla ya mwaka 2010, na Sameer Africa ya Nairobi ikafunga kiwanda chake mwaka 2016 ikageukia kuagiza matairi kutoka nje. Sehemu kubwa ya matairi mapya ya malori katika ukanda huu huja kwa meli. Tairi linalotupwa kabla ya wakati ni fedha za kigeni zilizotupwa.

Katika mzigo, wasafirishaji wetu wamejifunza kupima. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu tani 50 kwa semi ya ekseli sita za aina hiyo, tani 8 kati yake zikiwa juu ya ekseli ya usukani. Maana yake kila tairi la mbele linaweza kubeba tani 4. Kuanzia kituo cha Vigwaza, mizani hukagua hesabu hizo ekseli kwa ekseli. Gurudumu linalobeba tani hizo halipimwi na mtu.

Mafundi wa barabarani hawastahili lawama peke yao. Tairi la lori pamoja na rimu ya chuma huzidi kilo 100. Mashine ya kulibalansi inahitaji winchi ya kulinyanyua, umeme wa uhakika na sakafu imara. Fundi anayeishi kwa pancha hawezi kununua mashine hiyo kwa matumaini kwamba mteja ataizoea. Mteja naye hawezi kuizoea huduma asiyoiona.

Hata penye mashine, kazi nzuri huanza kabla ya kuiwasha, kwa sababu si kila mtetemo ni wa balansi. Usukani ukicheza, anza na magurudumu ya mbele. Kiti kikitikisika, tazama nyuma na propela. Mtetemo ukija dereva anapokanyaga breki tu, shuku dramu. Kisha gurudumu linyanyuliwe na kuzungushwa kwa mkono huku ncha ya chuma ikiwa imesimamishwa karibu na kashata. Tairi likipanda na kushuka kwa milimita kadhaa, halizunguki duara, na hakuna risasi, yaani kizito cha balansi, itakayolinyoosha. Mara nyingi kosa ni la ufungaji: tairi halijakaa sawasawa kwenye rimu, kutu imejaa kwenye habu, au nati zimekazwa kwa kufuatana badala ya kukazwa kwa mkingamo. Mstari mwembamba uliochorwa kuzunguka tairi karibu na rimu ungeonyesha kosa hilo mapema, kwani unapaswa kuwa na umbali sawa na rimu pande zote. Udongo uliogandia ndani ya rimu nao unatosha kuharibu balansi nzuri.

Baada ya hapo mwenye lori ana njia mbili kuu. Risasi za kubana kwenye rimu hutoa matokeo sahihi siku hiyo, lakini huweza kudondoka, na tairi linavyolika linahitaji kupimwa upya. Njia ya pili ni punje ndogo za kioo au kauri zinazowekwa ndani ya tairi na kujipanga zenyewe linapozunguka. Hizi hudumu na hazihitaji mashine, ila unyevu huzigandisha, valvu yake lazima iwe na chujio, na haziponyi rimu iliyopinda. Maji au mchanga ni mbadala mbaya: maji hula rimu, mchanga huchubua tairi kwa ndani.

Soko lipo, tena limesimama kwenye foleni. Malori husubiri kwenye bandari kavu za Dar es Salaam, kwenye yadi za wasafirishaji na mpakani Tunduma. Mwekezaji mwenye mashine moja hapo atauza muda ambao tayari unapotea. Auze pamoja na kumbukumbu: namba ya tairi, nafasi yake, kilomita za gari, gramu zilizoongezwa. Karatasi hiyo humwezesha mwenye lori moja kujua tairi gani linamlipa, na humkinga dereva ambaye leo hulaumiwa kwa kila tairi lililolika vibaya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ambayo tayari inafundisha ufundi wa magari, ingeweza kuongeza kozi fupi ya magurudumu mazito, ili kazi hii isibaki mikononi mwa kampuni kubwa peke yake.

Mwenye lori asisubiri mambo hayo yote. Mara atakapofunga matairi mapya, abalansi mawili ya mbele, nati zikazwe kwa spana ya kupimia na kurudiwa baada ya kilomita 100 hivi, kisha kina cha kashata kipimwe kila mwezi na kuandikwa. Akilinganisha matairi hayo na yale yaliyotangulia, atajua mwenyewe kama fedha ya balansi imerudi, na atakuwa na hesabu ya kumwonyesha fundi anayesita kununua mashine.