Kuwasha gari ukiwa mbali: Kifaa kizuri, ila si kwa kila gari la milimani

Na MWANDISHI WETU

ALFAJIRI katika miinuko ya Nyamira, hususan majira ya mvua, si ajabu kipimajoto kushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi. Dereva wa Probox anayetaka kufika kituoni Keroka kabla ya wenzake hulikuta gari limelowa umande, kioo cha mbele kimefumbwa na ukungu na injini imepoa kama jiwe la mtoni. Mtu wa namna hii huvutiwa upesi akisikia kuwa kuna kifaa kinachoweza kumwashia gari akiwa bado mezani anakunywa chai.

Kifaa hicho kipo, na kina manufaa yake. Hata hivyo, kilibuniwa kwa mazingira yasiyofanana na yetu, na katika vilima vya Kisii na Nyamira kuna magari ambayo hayafai kabisa kutiwa kifaa hicho.

Safari ya kurahisisha uwashaji wa gari ni ndefu. Madereva wa kwanza walizungusha hendeli kwa nguvu za mikono, na wengi walivunjika mikono hendeli iliporudi nyuma ghafla. Mnamo 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kuwasha kwa rimoti, au kitenzambali kama wapendavyo walimu wetu wa Kiswahili, kulikuja miaka mingi baadaye na kukapendwa zaidi Kanada, kaskazini mwa Marekani na Hokkaido nchini Japani, ambako majira ya baridi hugandisha hata maji yaliyo ndooni.

Hokkaido inatuhusu kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Magari mengi yanayopanda milima ya Gusii ni mitumba kutoka Japani, yaliyoingizwa nchini kabla ya kutimiza umri wa miaka minane unaoruhusiwa na sheria. Baadhi hufika yakiwa na kisanduku cheusi chini ya dashibodi na antena ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Hayo ni masalio ya kifaa cha mmiliki wa awali, na mara nyingi rimoti yake haiji na gari.

Utendaji wake si wa kimiujiza. Ukibofya rimoti, mawimbi ya redio hukifikia kisanduku hicho, nacho hukagua mambo kadhaa kabla ya kutii: je, boneti imefungwa, breki haijakanyagwa, gia ya gari la otomatiki iko kwenye P? Kikiridhika, hupeleka umeme kwenye mfumo wa kuwashia, kisha kwenye stata. Injini ikinguruma, stata huachiwa, nayo injini huendelea kwa dakika 10 au 15 kabla ya kuzimwa ikiwa hakuna aliyekuja. Milango hubaki imefungwa na usukani umejifunga. Dereva huingia, hutia ufunguo na kuuzungusha hadi pale taa za dashibodi zinapowaka, ndipo akanyage breki. Akikanyaga breki kabla ya kutia ufunguo, injini huzima. Hiyo ndiyo kinga dhidi ya mwizi atakayevunja kioo.

Je, faida yake kwetu ni ipi? Kupasha injini moto si hoja kubwa. Injini ya kisasa ya petroli haihitaji dakika kumi za kunguruma katika nyuzi 10. Inatosha kusubiri kama nusu dakika, kisha kuendesha polepole kwa kilomita za mwanzo. Faida iliyo dhahiri zaidi ni kuondoa ukungu kiooni, kwa sababu barabara ya kuelekea Nyansiongo au Ogembo alfajiri, yenye kona na watu wanaopeleka majani chai, haitaki dereva anayechungulia kwenye kitundu alichopangusa kwa kiganja. Kuna pia starehe ya kulikuta gari likiwa na joto, na starehe ina bei yake. Gari dogo linalonguruma bila kwenda hutumia takriban lita 0.6 za petroli kwa saa. Dakika kumi kila asubuhi, siku 300 kwa mwaka, ni kama lita 30.

Sasa tuje kwenye hatari. Dereva wa milimani mwenye gari la gia za mkono amefunzwa na mazingira kutoiamini breki ya mkono pekee. Akiegesha kwenye mteremko huacha gari likiwa limeingizwa gia ya kwanza au ya kurudi nyuma, na pengine huweka jiwe chini ya gurudumu. Ni desturi ya busara. Lakini stata ikizungushwa huku gia imeshika, gari haliwaki tu, bali huruka. Na ikiwa injini itashika moto, linaweza kwenda lenyewe, likikutana na ukuta wa jikoni au mtoto anayecheza uani.

Magari kadhaa ya gia za mkono yana swichi inayozuia stata kufanya kazi mpaka klachi ikanyagwe. Ili rimoti ifanye kazi, fundi hulazimika kuikwepa swichi hiyo, na hivyo huondoa kinga iliyowekwa na kiwanda. Watengenezaji wengine wamebuni utaratibu wa kuhakikisha gia iko nyutro: dereva huvuta breki ya mkono, hutoa ufunguo huku injini ikiendelea kunguruma, hutoka na kufunga mlango, ndipo injini izime. Mlango ukifunguliwa tena, rimoti hukataa kuwasha. Utaratibu huo ni mzuri mahali tambarare. Kwetu unamaanisha kuliacha gari usiku kucha mteremkoni likishikiliwa na kebo ya breki ya mkono peke yake. Kwa maoni yangu, gari la gia za mkono linalolala Manga au Kiamokama lisiwekewe kifaa hiki, hata muuzaji aseme nini.

Kwa gari la otomatiki, swali kuu ni fundi. Funguo nyingi za kisasa zina chipu ndogo, na kompyuta ya gari hukataa kuwasha injini isipoitambua. Kuna vifaa maalumu vya kuwasiliana na mfumo huo wakati wa kuwasha kwa rimoti. Fundi anayetafuta njia ya mkato huuficha ufunguo wa akiba chini ya dashibodi, na kwa kufanya hivyo humrahisishia mwizi kazi. Mwulize mapema atatumia njia gani.

Kazi yenyewe huanza kwa kutenganisha waya hasi wa betri. Kila waya hupimwa kwa mita, haukisiwi kwa rangi, ingawa ipo rangi moja ya kuheshimiwa: nyaya zenye ala ya njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, nazo haziguswi. Viungio huchomelewa kwa risasi au hubanwa kwa vibanio. Kusokota waya na kuufunga utepe ni kualika moto, maana mkondo unaopita hapo ni mkubwa. Fiuzi na swichi ya boneti si vya hiari, kwani bila swichi hiyo, mtu aliye ndani ya nyumba anaweza kuwasha injini ambayo makanika ameinamia.

Kabla ya kulipa, jaribu mwenyewe. Washa kwa rimoti, ukanyage breki bila ufunguo: izime. Washa tena, fungua boneti: izime. Kisha, ukiwa umeketi ndani mahali tambarare na breki ya mkono imevutwa, weka gia kwenye D na ubofye rimoti: stata isizunguke hata kidogo. Jaribio moja likifeli, gari lisiondoke gereji. Ijulishe pia kampuni yako ya bima kuhusu badiliko hilo.

Moshi nao usisahaulike. Gari lililo ndani ya banda lililofungwa, au lililoegeshwa likielekeza ekzosi kwenye dirisha la chumba cha kulala, hujaza humo kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Rimoti iliyobofywa na mtoto saa tisa usiku haitamwamsha yeyote.

Na yule dereva wa gari la gia za mkono? Akanyage klachi, atie ufunguo, aelekeze hewa kiooni huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa ili kikaushe unyevu. Ukungu utaondoka katika muda wa dakika chache. Ikiwa stata inasuasua kila asubuhi, apeleke betri ikapimwe.