Shimesikio la mzee: piga hesabu kabla ya kupanda basi la Mbeya

Mzee akishaanza kuongeza sauti ya redio hadi jirani anapata taarifa ya habari bila kuwasha ya kwake, watoto walioko Dar es Salaam huchangishana. Mmoja hupita Kariakoo, na baada ya siku chache kifurushi kinapandishwa basi la Sumbawanga. Ndani yake kuna kijidude cha makumi ya maelfu ya shilingi, na muuzaji amekiita shimesikio. Mzee hukivaa kwa kuwaheshimu wanawe, kinapiga mluzi, kinamuumiza kichwa, na baada ya wiki kimelala kabatini.

Kile ni kipaza sauti tu. Kinakuza kila kitu kwa kiasi kilekile: maneno ya mjukuu, mlango unaobamizwa, honi ya bodaboda. Uziwi wa uzeeni hauji hivyo. Mara nyingi sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, zile za s, f, t na sh, huku zile nzito zikibaki. Ndiyo maana wazee wengi hulalamika, "Nakusikia, ila sikuelewi." Shimesikio halisi hupangwa kwa kufuata vipimo vya mhusika: linakuza palipopungua na kujizuia sauti inapozidi. Bei yake huanzia laki kadhaa na kupita milioni moja kwa sikio moja, kutegemea aina na duka. Bei hiyo inatisha, lakini bei ya kifaa ni sehemu moja tu ya hesabu.

Hesabu ianzie zahanati, au kituo cha afya, ambako pengine itaishia hapohapo. Nta iliyogandamana huziba sikio la mtu mzima kabisa, na kuiondoa ni kazi ya matone na kusafishwa na mhudumu, siyo njiti ya kiberiti wala pini. Sikio linalotoa usaha hutibiwa kwanza, kwa sababu kuliziba kwa kifaa ni kuukaribisha ugonjwa. Kwa matibabu ya namna hii, bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikuwa nafuu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadili mpangilio huo, kwa hiyo ulizia kwa mtendaji wa kijiji au kituoni kabla ya kulipa, na uliza waziwazi kama shimesikio limo kwenye kitita. Usidhani tu kwamba limo.

Ipo hali moja isiyosubiri hesabu. Mtu aliyelala akisikia vizuri na kuamka sikio moja limekufa anatakiwa afike hospitali siku hiyohiyo. Dawa zipo, ila nguvu yake hupungua kadiri siku zinavyopita, na baada ya wiki kama mbili matumaini huwa madogo. Vilevile, aliyewahi kuchomwa sindano za kifua kikuu kama streptomycin au kanamycin amweleze daktari, kwani dawa hizo huweza kuharibu sikio la ndani.

Ikithibitika kwamba sikio la ndani limechoka na hakuna dawa ya kulirudisha, ndipo safari ya Mbeya kutafuta shimesikio inaanza. Barabara ya lami kutoka Sumbawanga kupitia Laela hadi Tunduma ni kilomita 223, na kutoka hapo hadi Mbeya jiji unaongeza kama 100. Nauli za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zilizotangazwa Desemba 2023 ziliweka shilingi 48.47 kwa kilomita katika basi la daraja la kawaida. Kwa kilomita 325 hiyo ni kama 15,750 kwa abiria mmoja. Mzee asiyesikia hasafiri peke yake, basi kwenda na kurudi kwa watu wawili ni 63,000. Wala siyo mara moja: kwanza anapimwa na kuchukuliwa umbo la tundu la sikio, kisha anarudi kuvalishwa, halafu anarudi tena baada ya wiki kadhaa ili kifaa kirekebishwe. Mara tatu ni 189,000, nauli tupu, bila chakula wala malazi.

Ukipeleka hesabu hiyo Dar es Salaam, ambako ni karibu kilomita 1,155, nauli ya wawili kwenda na kurudi inakaribia 224,000, na mara tatu ni zaidi ya laki sita na nusu. Kwa hiyo duka la Dar linalokupunguzia laki moja kwenye kifaa halijakupunguzia kitu. Isipokuwa mzee ana mtoto huko na anaweza kukaa kwake mwezi mzima: hapo safari ni moja, marekebisho yote yanafanyika akiwa mjini, na gharama inakaribiana na ile ya Mbeya. Vyovyote utakavyochagua, piga simu kwanza kwenye kitengo cha masikio, pua na koo, uulize kama mpimaji yupo wiki hiyo na kama umbo la sikio linachukuliwa palepale. Simu ya dakika tano ni rahisi kuliko kulala Tunduma bure.

Linalosahaulika zaidi ni betri. Betri nyingi za kutupa za mashimesikio hutumia hewa, na zikishabanduliwa kibandiko zinaanza kuisha hata usipozitumia. Ile ya ukubwa wa 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, hudumu wiki moja hadi mbili. Hiyo ni betri 26 hadi 52 kwa mwaka kwa sikio moja, yaani kadi tano hadi tisa za betri sita. Kwa miaka mitano, ambayo ni umri wa kawaida wa shimesikio, unazungumzia betri 130 hadi 260. Zidisha kwa bei ya kadi uliyoambiwa dukani, kisha zidisha kwa mbili kama ni masikio yote mawili.

Ufipa, uwanda wa juu iliko Sumbawanga, inaongeza yake. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi ni kavu na kali. Betri za hewa hazipendi baridi, ukavu wala hewa nyepesi ya mwinuko, kwa hiyo hesabu kwamba kila betri itadumu wiki moja, si mbili, na betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti. Zikiwa na kibandiko chake hukaa miaka, basi nunua za mwaka mzima wakati mahindi yameuzwa.

Shimesikio la kuchaji linaondoa karaha hiyo, na mjini kwenye umeme wa uhakika ningelichagua, hasa kwa mzee ambaye vidole vyake vinatetemeka. Lakini betri yake ya ndani huchoka baada ya miaka michache, na kuibadilisha mara nyingi kunataka kurudi kwa muuzaji. Kijijini Kalambo au bonde la Rukwa, pasipo umeme wala sola ya kutosha, la betri za kutupa, la kuvaa nyuma ya sikio, ndilo salama zaidi. Yale madogo ya kuingia ndani kabisa ya sikio yanapendeza, yanapotea, na nta huyaua.

Kuhusu masikio mawili au moja: mawili ni bora, hasa kutambua sauti inatokea wapi na kufuata mazungumzo kwenye kelele. Lakini moja lenye betri na marekebisho ni bora kuliko mawili yaliyokaa kabatini.

Kupandikiza kifaa ndani ya sikio kulianza Muhimbili mwaka 2017, zaidi kwa watoto, kwa gharama ya zaidi ya milioni 30 kwa mtoto mmoja, wakati nje ya nchi ilitajwa milioni 80 hadi 100. Kwa mzee aliyepungukiwa tu, huko siko kwa kuanzia. Ambaye hasikii kabisa anaweza kufaidika zaidi na Lugha ya Alama ya Tanzania, na CHAVITA, Chama cha Viziwi, ndio wa kuulizwa. Simu janja nayo isidharauliwe: programu ya Live Transcribe huandika Kiswahili kinachosemwa. Inahitaji bando na msomaji, na Kifipa haikijui.

Na yapo yasiyolipiwa. Kifaa hakirudishi masikio ya ujana. Ubongo huchukua wiki kadhaa kuzizoea sauti upya, na mzee avae kwa saa chache kwanza, ndani ya nyumba tulivu. Familia imwite jina kabla ya kuanza kusema, imtazame usoni, iongee taratibu badala ya kupiga kelele, izime redio. Jioni za baridi, watu wamezunguka moto jikoni na taa hafifu, mzee hawezi kuona midomo, msogezeni taa. Asipoelewa, badilisheni maneno. Kurudia sentensi ileile kwa sauti kubwa ni kumgombeza.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya 2021 ilikadiria kwamba watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma ya utengamao wa usikivu. Machi 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo kwa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, unaoonyesha jinsi wahudumu wasio wataalamu wa masikio wanavyoweza kufundishwa kupima watu wazima, kuwavalisha mashimesikio na kuwafuatilia. Muuguzi mmoja aliyefundishwa hivyo Sumbawanga angefuta safari mbili kati ya zile tatu za Mbeya. Madiwani wa Rukwa wanapaswa kulidai hilo kwenye bajeti kabla ya kudai mashine mpya.

Kwa sasa, kama hela mliyochanga inatosha kifaa peke yake, bila nauli ya kurudi kurekebisha na betri za mwaka mmoja, msinunue bado. Mpelekeni mzee akasafishwe masikio, kisha msubiri mavuno.