Mgeni Akiuliza Aje Lini Mafia

Mkazi wa Mafia mwenye ndugu au rafiki Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma amezoea kuulizwa swali moja: "Nije lini?" Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa ukarimu kuliko kwa uangalifu. "Njoo wakati wowote, karibu nyumbani." Jibu hilo linamfaa jamaa anayekuja kuwajulia hali wazee. Halimfai mtumishi aliyejinyima mwaka mzima ili apate siku tano za mapumziko kisiwani akiwa na mke na watoto. Huyo anahitaji kuelezwa habari za upepo, maji, vyombo vya usafiri na mahali pa kulala kabla hajakata tiketi, kwa kuwa baadhi ya makosa ya mpango wa safari ya kisiwani hayasahihishiki mtu akishavuka.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayesubiri likizo ya shule ya mwezi Juni. Amesikia habari za papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye ameahidi watoto kwamba watamwona. Mwenyeji wake wa Kilindoni, kwa kutotaka kumvunja moyo, anamwambia potwe wapo. Kauli hiyo ina ukweli wa aina yake: utafiti wa kufuatilia samaki hao kwa vifaa vya mawimbi ya sauti umeonesha kuwa wengi wao hawahami mbali na Mafia mwaka mzima. Lakini miezi ya kusi huenda kwenye maji ya kina na hawaonekani juu. Wanaoonekana mbele ya Kilindoni, wakifuata uduvi na dagaa karibu na ufuo, huonekana kuanzia Oktoba hadi Machi. Mwalimu huyo atakodi mashua, atazunguka asubuhi nzima katika mawimbi, na atarudi na watoto waliotapika.

Hivyo basi, jambo la kwanza katika kupanga ni majira. Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa hayo, lakini mgeni wa bara huzijua masika na vuli tu, nazo hazimtoshi. Kusi huanza kuvuma kuanzia Aprili na hushika nguvu Juni hadi Agosti. Bahari huchafuka, hasa upande wa nje, na hewa hupoa. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi, joto likipanda na maji yakiwa maangavu zaidi. Katikati ya pepo hizo huja malelezi, kipindi ambacho bahari hutulia kama maji ya mtungini. Malelezi ya mwisho wa mwaka, yaani Oktoba na Novemba, ndiyo pengine wakati mwema kuliko wote kwa mtu asiyezoea chombo, ingawa mvua za vuli zaweza kumkuta. Mvua za masika, zinazozidi Aprili na Mei, ni habari nyingine: baadhi ya hoteli hufunga kabisa katika miezi hiyo, na mgeni anayevutwa na bei nafuu hana budi kuelezwa sababu ya unafuu huo.

Haimaanishi kwamba kusi ni msimu wa kukaa bure. Takribani Juni hadi Septemba ndipo mayai mengi ya kasa huanguliwa katika fukwe za Juani, na vitoto vyao huonekana vikikimbilia majini. Nyangumi hupita Agosti na Septemba. Ghuba ya Chole, kwa kuwa imekingwa na visiwa na miamba, huruhusu kuogelea na kutazama matumbawe hata nje kukiwa kumechafuka. Basi mwalimu wa Juni aambiwe aje kwa ajili ya kasa, magofu na ghuba, na habari ya potwe aiweke hadi likizo ya Desemba. Hapo hakuna atakayehisi kudanganywa.

Jambo la pili, ambalo hata baadhi ya wenye mashua hulisahau wanapopokea malipo ya mapema, ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne asubuhi. Mgeni aliyepangiwa kuvuka kwenda Chole au Juani saa nne siku ya bamvua atashuka mbali na ufuo na kutembea kwenye tope na mawe makali. Kijana hucheka, mama mtu mzima mwenye maumivu ya magoti hawezi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na ratiba huwa nyepesi. Anayepanga safari ya siku chache anaweza kutazama kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe, na mwenyeji anaweza kumsaidia kwa dakika moja ya simu.

Kuhusu njia ya kufika, zipo mbili. Ndege ndogo hutoka Dar es Salaam na kutua Kilindoni baada ya takribani nusu saa. Mizigo kwa kawaida huishia kilo 15 kwa abiria, na anayezidisha hulipia. Njia ya pili ni barabara hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha bahari. Magari ya Nyamisati huondokea Mbagala Rangi Tatu. Kutoka Nyamisati kuna kivuko cha MV Kilindoni kinachosimamiwa na TEMESA, pamoja na boti za watu binafsi. Safari hii huanzia katika mikoko ya delta ya Rufiji, na kwa mtu asiye na haraka ni sehemu ya mapumziko yenyewe.

Mpango mzuri wa safari ya bahari huanzia mwisho wake. Mgeni asipange kuvuka siku ileile ambayo kesho yake anatakiwa kazini, seuze anayewahi ndege ya kwenda nje ya nchi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, chombo hubaki gatini, na hapo hakuna wa kumlalamikia. Siku moja ya akiba yatosha mara nyingi. Wakati wa kusi ni afadhali mbili. Vilevile wiki za Idd wenyeji hurejea kwa wingi na nafasi za vyombo hujaa mapema.

Katika hili la vyombo, ukarimu wa mwenyeji hautakiwi kuvuka mpaka. Boti inayobeba abiria yapaswa kuwa imekaguliwa na kupewa leseni na TASAC, iwe na jaketi la kuokoa maisha kwa kila aliyemo, wakiwemo watoto, na isizidishe idadi ya abiria iliyoruhusiwa. Mgeni hawezi kujua ipi imekaguliwa na ipi haikukaguliwa. Mwenyeji anaweza. Anayempeleka mgeni wake kwenye chombo kilichojaa kupita kiasi kwa sababu nahodha ni shemeji yake anamtia katika hatari ambayo mgeni mwenyewe hakuichagua.

Makazi hutegemea mgeni anafuata nini. Kilindoni kuna nyumba za kulala wageni za bei ya kawaida, soko, benki na hospitali ya wilaya, na ndiko mashua za potwe hutokea. Utende, mwendo wa takribani kilomita 15 kwa lami, ndiko kwenye hoteli nyingi za ufukweni na lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hiyo, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Ina kilomita za mraba 822, zikiwemo ghuba ya Chole na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Mgeni anayeingia humo hulipa ada, na ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni kutoka nje. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba na kupewa stakabadhi ya Serikali. Anayedaiwa fedha mkononi pasipo stakabadhi ana haki ya kukataa, na mwenyeji aliye naye ampe nguvu ya kukataa. Ni vema gharama hii itajwe tangu mwanzo, maana wageni wengi hupanga nauli na chumba, kisha wakashtukia ada langoni.

Chole inastahili kutengewa siku nzima. Hapo palikuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1913, walipohamia Kilindoni kwa kuwa meli zao zilihitaji maji ya kina zaidi. Magofu yao sasa yamekumbatiwa na mizizi ya miti. Popo wakubwa wa kisiwani humo hulala mchana wakining'inia mitini, na jioni huruka kundi zima kwenda kutafuta matunda. Juani kuna magofu ya Kua, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska, Bukini ya wazee wetu, mwanzoni mwa karne ya 19. Mgeni aende na mwongozaji wa kijiji husika: malipo hubaki kijijini, naye husikia habari ambazo hakuna kibao kinachozieleza.

Mambo madogo yapo, nayo huharibu safari kubwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Potwe haguswi wala hapandwi, na mashua haimkatishi njia. Makombe, matumbawe na magamba ya kasa hayachukuliwi, hata yakiokotwa yamekufa. Malaria ipo, hivyo chandarua kiulizwe kabla ya kulipia chumba. Dawa za kila siku za shinikizo la damu au kisukari zibebwe za kutosha kuzidi siku za safari, kwa sababu iliyokwisha kutajwa ya chombo kubaki gatini. Nje ya hoteli za ufukweni mavazi yawe ya heshima. Mwezi wa Ramadhani, ambao katika miaka ya karibuni umeangukia Februari na Machi, yaani ndani ya msimu wa potwe, mama lishe wengi hawapiki mchana. Mgeni aambiwe mapema ili apange chakula chake, badala ya kuzunguka mjini na njaa akidhani amenuniwa.

Mwisho ni kwa wakazi wanaopangisha vyumba majumbani, ambao idadi yao huongezeka msimu wa potwe unapofika. Biashara hiyo inaruhusiwa kwa utaratibu: leseni ya biashara hupatikana kwa afisa biashara wa Halmashauri, na kitabu cha wageni lazima kijazwe jina, atokako, aendako na tarehe ya kuondoka. Wapo wanaokiona kitabu hicho kuwa ni mtego wa ushuru. Ushuru upo, ni kweli. Lakini mashua ikichelewa kurudi jioni, au mgeni akizidiwa na homa usiku hawezi kusema, kitabu hicho ndicho kitakachofunguliwa kwanza ili kujua ni nani na jamaa zake wapigiwe simu wapi. Kwa hiyo namba ya simu ya ndugu wa karibu iandikwe pia, hata kama kitabu hakina safu yake.