Masika Yasiyoonekana Jedwalini

Mwanafunzi wa hidrolojia mjini Morogoro akipakia rekodi ya mvua ya kila siku ya mwaka mzima katika daftari la Jupyter, kisha akaliita jedwali kwa jina lake, ataonyeshwa siku 10 tu: tano za mwanzo wa Januari na tano za mwisho wa Desemba. Katikati kuna nukta tatu. Machi, Aprili na Mei zimefichwa humo, na karibu vuli yote.

Hiyo si hitilafu. Pandas, maktaba ya Python ambayo Wes McKinney alianza kuiandika mwaka 2008, ina ukomo uliowekwa tangu awali: jedwali likizidi mistari 60, huonyeshwa 10 tu. Safu zikizidi 20, za katikati hufichwa, na maandishi marefu ndani ya kisanduku hukatwa. Takwimu zenyewe zimo zote kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na ukitafuta jumla au wastani, siku zote 365 zitahesabiwa.

Basi kwa nini tuhangaike kuziona? Kwa sababu jumla haisemi imepatikanaje. Miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, inayopokea pepo za Bahari ya Hindi, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mji wa Morogoro, ulio upande wa pili, hupata chini ya 1,000. Sufuri kadhaa za Aprili mjini zinaweza kuwa kweli. Sufuri za siku kumi mfululizo huko Kinole, kwenye miteremko hiyo ya mashariki, katikati ya masika, zinanitia shaka: huenda kipimo kiliziba, au hakuna aliyekwenda kukisoma. Hapo jicho linalopita siku baada ya siku hushtuka mapema kuliko wastani. Na makosa haya hayaishii darasani, maana maji ya milima hii huingia Mto Ruvu, unaoipatia Dar es Salaam maji, na Mto Ngerengere hujaza bwawa la Mindu linalonywesha mji wa Morogoro.

Kuondoa ukomo kunahitaji mstari mmoja (pd ni kifupi cha pandas):

pd.set_option('display.max_rows', None)

None ina maana hakuna kikomo. Kwa safu andika max_columns mahali pa max_rows. Kwa maandishi marefu, max_colwidth.

Ila mimi sishauri amri hii iachwe wazi daftari zima. Rekodi ya miaka 40 ina mistari zaidi ya 14,600, na kivinjari hulazimika kuichora yote. Daftari huwa zito, na matokeo hayo huhifadhiwa ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo kila utakayemtumia atabeba mzigo huo. Kata msimu unaoutaka kwanza na uupe jina, kwa mfano masika. Hata hivyo masika peke yake ni siku 92, yaani bado yanavuka 60, kwa hiyo fungua ukomo kwa muda tu:

with pd.option_context('display.max_rows', None):
    display(masika)

Usisahau display, ndani ya kifungu hiki jina la jedwali peke yake halitaonyesha kitu. Kazi ikiisha, ukomo hurudi wenyewe. Kwa miaka 40, tafuta kwanza thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa za kila mwezi, maana baadhi ya mafaili huweka -999 kwa siku isiyopimwa, kisha fungua kikamilifu miezi inayotia shaka.