Maisha Melini: Safari ya Yatima wa Tengeru

  Walimu wa vikundi, angalieni kwamba kila mmoja anayo karatasi yake ya somo. Asomaye kwa shida na akae karibu na mwenzake.

Leo twazungumza habari za maisha katika safari ndefu ya meli. Najua wengine mtacheka na kusema, "Sisi ni watu wa mlimani, bahari yatuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Watu nitakaowaeleza walikaa jirani zenu, karibu na Ziwa Duluti, na makaburi yao zaidi ya 140 yangalipo Tengeru hata leo.

Watu hao walikuwa Wapolandi. Katika miaka ya 1940 na 1941 serikali ya Urusi ya Kisovyeti iliwahamisha kwa nguvu watu wengi sana wa mashariki ya Polandi, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Mwaka 1942 baadhi yao waliruhusiwa kutoka. Walivuka Bahari ya Kaspi wakafika Uajemi, na huko wengine wakapanda meli kuja Afrika ya Mashariki. Kiasi cha watu 5,000 walikaa katika kambi ya Tengeru, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo yatima.

Safari ya Kaspi ilikuwa fupi, lakini ilikuwa mbaya kuliko zote. Meli zilijazwa watu hata hapakuwa na nafasi ya kulala. Wagonjwa wa kuhara na wa homa kali walisongamana na wazima. Waliokufa njiani walitupwa baharini. Bahari ya Hindi ilikuwa afadhali, ingawa wakati huo ulikuwa wa vita. Usiku meli zilikwenda bila taa, kwa kuogopa nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji. Abiria walifundishwa kuvaa maboya na kukimbilia mashua za kuokolea, kila mtu mahali pake.

Sasa tutazame jinsi watu wanavyoishi melini. Jambo la kwanza ni ugonjwa wa bahari. Unatokeaje? Ndani ya sikio kuna kitu kinachopima mwendo wa mwili. Ukikaa chumbani, macho yaona ukuta umetulia, lakini sikio lasema unapanda na kushuka. Habari hizi mbili hazipatani, na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Ndiyo maana mgonjwa hupelekwa juu, kwenye sitaha, atazame mbali pale ambapo mbingu na maji hukutana. Naye hawezi kwenda peke yake kwa kuwa miguu haina nguvu. Lazima ashikwe mkono. Urafiki mwingi wa melini umeanza hapo, mmoja akitapika na mwingine akimshikia ndoo.

Jambo la pili ni maji. Meli imezungukwa na maji, na maji ya kunywa hupimwa! Katika meli nyingi za wakati ule abiria walioga na kufua kwa maji ya chumvi. Sabuni ya kawaida haitoi povu vizuri katika maji hayo, na nguo ikikauka hukwaruza mwili. Mama mwenye mtoto mchanga alihitaji maji matamu kuliko wengine. Basi wenzake wakimgawia kidogo katika fungu lao, je, atawasahau?

Tena, melini hakuna pa kwenda. Ukigombana na jirani yako hapa Arusha, waweza kupita njia nyingine. Melini utamkuta mlangoni, utamkuta tena katika mstari wa chakula, na usiku atalala juu ya kitanda chako. Nasema juu kweli, kwa maana katika meli za kuchukulia askari vitanda vilikuwa vya turubai, vimefungwa katika mabomba ya chuma, kimoja juu ya kingine. Ugomvi hauna budi kwisha upesi.

Waarusha na Wameru mwajua maana ya rika. Vijana waliopata taabu moja kwa wakati mmoja hufungamana maisha yao yote. Meli nayo huweza kufanya rika.

Rika la yatima wa Tengeru lilijaribiwa mwaka 1949. Kambi ilikuwa ikikaribia kufungwa. Serikali mpya ya Polandi ilitaka watoto warudishwe kwao. Lakini wazazi wao walikuwa wamekufa, na sehemu kubwa ya nchi walikotoka ilikuwa imeingizwa katika Urusi ya Kisovyeti. Shirika la Kimataifa la Wakimbizi likaamua kuwapeleka Kanada. Serikali ya Polandi ilikasirika sana, ikasema watoto wameibwa. Kwangu mimi, neno kubwa ni kwamba watoto wenyewe hawakutaka kutenganishwa.

Walitoka Mombasa kwa meli mpaka Italia, wakaenda Ujerumani kwa reli, kisha wakapanda meli ya Kimarekani iitwayo General Stuart Heintzelman. Alifuatana nao padre mmoja wa Kipolandi, Lucjan Królikowski, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amepelekwa Siberia zamani. Katika meli za namna hiyo wanaume walilala upande wao na wanawake upande wao, na abiria wazima walipewa kazi, kama kufagia, kumenya viazi au kuosha sahani. Na kwa kuwa walikwenda magharibi, saa zilirudishwa nyuma mara kwa mara, kwa maana huko jua huchomoza baadaye kuliko kwetu. Mchana wa melini ukawa mrefu kuliko wa nchi kavu.

Mwezi wa Septemba 1949 walifika Halifax, Kanada. Walikuwa zaidi ya 120. Askofu Mkuu wa Montreal alikubali kuwa mdhamini wao. Waligawanywa katika shule na nyumba mbalimbali, lakini Padre Królikowski aliendelea kuwaangalia kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 100.

Sasa kazi yenu. Andikeni maneno haya mara tatu: meli, sitaha, nanga, abiria, yatima. Kisha kila kikundi kimtafute mzee wa Tengeru au Duluti aliyesikia habari za Wapolandi kwa wazazi wake. Mwulizeni anayoyakumbuka, mkaandike sentensi tano. Mwenye mwandiko mzuri asome mbele ya wenzake katika kipindi kijacho.