Picha za Njiani na Mpaka wa Kuzitengeneza

Mtu akisimama leo katika stendi ya Mbagala Rangi Tatu, au akipita sokoni Tandika, Manzese au Mwananyamala, hawezi kuhesabu ni mara ngapi sura yake imenaswa katika kamera za watu asiowajua. Zamani mwenye kutaka picha alivaa nguo yake njema, akenda mwenyewe kwa mpiga picha, akakaa kitini, akalipa. Siku hizi kamera yamfuata mtu alipo. Kijana mwenye simu ampiga picha mama akaangaye mihogo, mzee asukumaye mkokoteni, watoto wachezao katika maji ya mvua. Na kabla kijana huyo hajafika kwao, picha imekwisha kukolezwa rangi, imetiwa mawingu yasiyokuwako, imeondolewa takataka zilizokuwa kando ya njia, nayo imetumwa kwa watu elfu.

Vijana wengi waulizana: mpaka wa kuitengeneza picha ni wapi? Wako wasemao kwamba kuigusa picha hata kidogo ni uwongo. Wako wengine wasemao kwamba picha ni mali ya aliyeipiga, naye na afanye atakavyo. Kauli zote mbili twaziona zina kasoro, na ya pili ina hatari zaidi.

Tuanze na ile ya kwanza. Asemaye kuwa picha isiguswe kabisa adhani kwamba kamera huona kama lionavyo jicho. La, sivyo. Mpige picha mtu mweusi, saa sita mchana, amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Jicho lako laona uso wake wote: makunyanzi, ndevu, hata jasho. Lakini kamera hupima mwanga wa ukuta, hujihadhari nao, na uso wa yule bwana hutoka kama kipande cha mkaa. Tena jambo hili halikuwa la bahati mbaya tu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafisha picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi iliyo sawa; sisi wengine tukatoka vyovyote tulivyotoka. Basi mpiga picha wa Temeke akiuongezea mwanga uso wa mzee yule mpaka uonekane kama alivyouona kwa macho yake, hakusema uwongo. Amesawazisha mizani iliyokuwa imeinama. Hata wale wa zamani, waliosafisha picha katika chumba cha giza, walikuwa wakiikinga karatasi kwa kiganja ili upande mmoja upate mwanga kidogo na mwingine upate zaidi.

Hali kadhalika hatuwezi kuzilaumu picha za studio. Capital Art Studio ya Unguja, aliyoianzisha Bwana Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga picha za watu wa kila namna, nao walikwenda pale kwa hiari yao wakitaka kuonekana vizuri. Huko Lamu, Bwana Omar Said Bakor alisifika kwa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja ya ajabu. Na pale kivukoni Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990 wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa, na mtu akapigwa picha mbele ya ndege au meli ambayo hajaipanda maisha yake. Ni nani aliyedanganywa hapo? Mwenye picha ajua, mpigaji ajua, na shangazi aliyetumiwa picha hiyo kijijini ajua pia, naye acheka kwa furaha. Picha ya studio ni kama nguo ya arusi: hakuna asemaye kwamba bwana arusi ni mwongo kwa kuwa kila siku havai joho.

Picha ya njiani ni jambo jingine, kwa sababu mbili. Kwanza, aliyemo ndani yake hakwenda kupigwa picha. Alikwenda sokoni. Pili, aitazamaye huipokea kuwa ni ushahidi: huamini kuwa siku ile, mahali pale, mambo yalikuwa hivyo. Mpiga picha wa njiani, apende asipende, amekuwa shahidi. Na shahidi hapewi ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo mpaka tuuonao sisi ni huu: mwanga na rangi vyaweza kusawazishwa mpaka picha ikaribie kile kilichoonwa na jicho, lakini mtu asitiwe asiyekuwako, kitu kisiondolewe kilichokuwako, wala kilichokuwa hapa kisipelekwe pale.

Wengine watasema tumekaza mno. Basi na watazame yaliyowapata wakubwa wa kazi hii. Mwezi wa Februari 1982, gazeti la National Geographic la Marekani lilitoa katika jalada lake picha ya piramidi za Giza, huko Misri. Picha ilikuwa pana na jalada lilikuwa jembamba, basi wakazisogeza piramidi kwa mashine ili zikaribiane. Majengo yaliyosimama zaidi ya miaka 4,000 yakahamishwa kwa sababu ya upana wa karatasi! Hakuumia mtu, wala Firauni hakulalamika. Lakini gazeti hilo lililaumiwa kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2014 shirika la habari la Associated Press lilikata uhusiano na mpiga picha Narciso Contreras, mmoja wa watu wake waliopata tuzo kubwa ya Pulitzer kwa picha za vita vya Syria, kwa kuwa katika picha moja aliifuta kamera ya mwenziwe iliyoonekana pembeni, chini. Shirika likapekua karibu picha 500 za bwana huyo, wala halikuona nyingine iliyoguswa hivyo. Hata hivyo lilimwacha. Kitu kilichofutwa kilikuwa kidogo, tena hakikubadili habari ya vita. Kilichopotea ni imani ya mtazamaji juu ya zile nyingine zote.

Hapa turudi nyumbani, kwani jambo hili si la Misri wala Syria tu. Ipo mitaa yetu katika bonde la Mto Msimbazi, upande wa Kigogo na Jangwani, ambayo maji huingia majumbani kila mvua kubwa inaponyesha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takriban watu 40, na waliofukuzwa na maji wakapewa viwanja Mabwepande, mbali nje ya mji. Kijana apigaye picha katika mitaa kama hiyo hukutana na vishawishi viwili. Kimoja chamwambia: futa mifuko ya plastiki mtaroni, tia mbingu ya samawati, mtaa upendeze. Kingine chamwambia: yazidishe matope, yatie weusi, mfanye mtoto yule aonekane mnyonge kuliko alivyo, picha ipate wanunuzi ng'ambo. Wa kwanza amewanyang'anya wakazi ushahidi wao, maana mtaro ulioziba ndio hoja yao mbele ya wakubwa wa manispaa. Wa pili amewanyang'anya heshima yao. Mama yule aliyefagia uwanja wake alfajiri hakufagia ili mtu amrudishie taka kwa kompyuta.

Yafaa pia ijulikane kwamba picha isiyoguswa hata chembe yaweza kudanganya. Picha ya mafuriko ya mwaka 2011 ikitumwa leo na kuandikwa chini yake kwamba ni ya jana, kila kilichomo ni kweli na habari nzima ni uwongo. Na mwenye kukata picha ya watu wawili waliokuwa wakicheka, akambakiza mmoja aliyekunja uso, hakuongeza kitu. Amepunguza tu, na upunguzaji wake ni dhuluma. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeutaja uwongo uenezwao kwa picha pamoja na ule wa maandishi, na hilo ni sawa.

Tena kuna simu zitengenezazo picha zenyewe bila kuagizwa. Mwezi wa Machi 2023 palitokea mabishano makubwa juu ya picha za mwezi zipigwazo kwa simu za Samsung, na kampuni yenyewe ikaeleza kwamba simu hizo huutambua mwezi, kisha huyakoleza mabaka na makunyanzi yake kwa akili ya mashine. (Anayetarajia kuleta ushahidi wa mwezi mwandamo kwa simu yake, na alifikiri hilo vizuri kabla hajabisha hodi kwa sheikh.) Mwenye kupiga picha za njiani hana budi kuijua simu yake, aizime tabia hiyo ya kulainisha nyuso na kupaka rangi, maana asipoizima, yeye atakuwa shahidi wa mambo yaliyotungwa na kiwanda.

Hatutaki kuurefusha hapa mjadala wa maulamaa juu ya asili ya picha. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne iliyopita, aliandika risala ya kuiruhusu picha ya kamera. Na katika hoja zake ni kwamba mpigaji haumbi kitu, bali hukizuia tu kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Wako maulamaa waliomkatalia, na wako hata leo. Lakini sisi wengi tunaotundika picha ukutani tumeifuata rukhusa hiyo au iliyo mfano wake. Basi na tutazame kwa makini imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya kule kutoongeza. Mtu amtiaye katika picha ya njiani mtu asiyekuwako, au aiambiaye mashine imchoree mtaa wa Tandale usiokuwako, hazuii tena kivuli cha chochote. Amejitoa mwenyewe katika hoja iliyokuwa ikimkinga, na atafute nyingine.

Limebaki jambo la sitara, ambalo vijana hulichanganya na uwongo. Wauliza: ikiwa kufuta ni haramu ya kazi, je, kuuziba uso wa mtoto aliyeopolewa majini, au wa binti aliyepigwa picha shungi limemwanguka, nako si kufuta? Twajibu kwamba kiraka kionekanacho si uwongo. Ukiutia ukungu uso wa mtu, kila atazamaye ajua kuwa pana uso hapo nao umefichwa kwa makusudi. Hukumwambia kuwa hapakuwa na mtu. Tofauti ni kati ya kufunika kwa wazi na kubadili kwa siri. Sura ya Al-Hujurat imekataza kupeleleza na kusengenya katika aya moja. Na kamera iingizwayo uani kwa watu kupitia upenu wa makuti ni upelelezi, hata ikiwa picha yake haikuguswa na ni kweli tupu. Ukweli wa picha haumpi mtu haki ya kuipiga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeiwekea nchi yetu tume ya kuangalia mambo haya, lakini muungwana hangoji tume. Huomba. "Shikamoo mama, naomba kukupiga picha" ni maneno machache, na mama akikataa, amekataa.

Lipo pingamizi la kweli ambalo hatupendi kulikwepa. Kijana wa Mbagala atatuambia: mimi nala kwa kazi hii, nikiomba ruhusa, yule mama ataacha kukaanga, atajiweka sawa, na picha itakufa. Ni kweli. Basi na apige kwanza, kisha amwendee mara hiyo hiyo, amwonyeshe kioo cha simu; akichukia, aifute mbele yake. Atapoteza picha kadhaa. Atawapata pia watu wanaomjua, watakaomwita wenyewe siku ya jambo kubwa.

Na picha moja yenye kuaminika yaweza kufanya kazi ambayo elfu zilizopambwa haziwezi. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na ni hapa Dar es Salaam alipoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Mwezi wa Oktoba 1984 alikwenda Korem, kaskazini ya Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, akawapiga picha watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Dunia iliziona picha hizo ikashtuka, na misaada ikamiminika. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Alikufa tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Visiwa vya Ngazija. Lau ingegunduliwa, wiki moja baada ya picha zile za Korem kuonyeshwa, kwamba maiti mmoja aliongezwa ili uwanja uonekane umejaa, ni serikali gani ingalifungua ghala lake la nafaka?

Kwa vijana wanaoianza kazi hii, lipo jambo moja la matumizi ambalo wazazi waweza kuwasaidia. Nakala ya asili, ile iliyotoka katika kamera kabla ya kuguswa, isifutwe. Iwekwe katika kadi ya kumbukumbu yake peke yake, na tarehe na jina la mtaa viandikwe. Atakayeulizwa kesho kama mtaro wa Tandale ulikuwa umeziba kweli, au kama mzee yule alikuwapo sokoni Tandika siku ile, aitoe.