Kuteleza Volkeno? Nendeni Longonot

Msomaji wa Thika au Ruiru, wanao wakikuambia kwamba huko Nicaragua watalii huteremka volkeno hai ya Cerro Negro wamekalia mbao, usiwakemee. Wapeleke Longonot, kupitia Nairobi na Mai Mahiu. Yasemekana mlima huu ulilipuka mara ya mwisho miaka ya 1860, na mvuke ungali unafuka ndani yake.

Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3 hivi. Kuuzunguka ukingo, 7 zaidi. Kibarua ni kushuka: jivu kavu huteleza chini ya raba, na mtoto mtundu atataka kuserereka kwa makalio. Mshike mkono! Kuta za shimo lile ni magenge matupu. Mwenye wa miaka mitano, ishieni ukingoni, mle viazi vyenu, mteremke kabla jua halijachoma.